Nyumba kumi kabla ya nyumba kumi

Barua nne zilizotufikia mwezi huu kutoka Tanga, Pangani na Bagamoyo zimegusa jambo moja, kila moja kwa njia yake: namna watu wa zamani walivyolinda amani na utaratibu katika miji na madola yao. Tumeona ni vyema tuzijibu pamoja. Majina ya walioandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

SWALI: Mtaani kwetu mama mmoja mjane aliibiwa mbuzi wawili usiku. Walitafutwa hadi machinjioni wasionekane, na mwizi hakujulikana. Balozi wetu wa nyumba kumi akaita kikao barazani kwake, akaamua kila nyumba itoe shilingi elfu kumi ili yule mama apate pa kuanzia. Mimi nilitoa. Mjukuu wangu aliye chuoni akasema huo ni uonevu, kwa sababu asiye na kosa hatozwi, na kwamba haya mambo ya nyumba kumi yaliletwa na siasa za juzi tu. Nataka kujua kama mataifa ya kale yalikuwa na kitu cha namna hii, na kama hawakuwa na polisi, waliwezaje kulala usingizi?
Mzee wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mjukuu wako ana haki ya kuuliza, ila kwa upande wa tarehe amepitwa na miaka ipatayo 3,700. Ni kweli kwamba utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi kama tunavyoujua sisi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960. Lakini wazo lenyewe, kwamba majirani waibebe hasara ya mwenzao pale mwizi anapokosekana, limechongwa katika jiwe jeusi lenye urefu wa zaidi ya mita 2, ambalo leo limo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Jiwe hilo ni la Hammurabi, mfalme wa Babeli, ambaye kwa hesabu inayotumiwa na wengi alitawala kuanzia mwaka 1792 hadi 1750 KK. Wataalamu wamezigawa sheria zake katika vifungu vipatavyo 282. Kifungu cha 23 kinaagiza kwamba mnyang'anyi asipokamatwa, aliyeibiwa atavitaja kwa kiapo mbele ya mungu vitu alivyopotelewa, kisha mji, pamoja na mkuu wa mji ambaye wizi ulitokea katika eneo lake, watamlipa. Kifungu kinachofuata kinaongeza kwamba ikiwa kilichopotea ni uhai wa mtu, mji na mkuu wake watawapa jamaa zake mina moja ya fedha, yaani karibu nusu kilo.

Hapo kuna mambo mawili ambayo ningependa uyatazame kwa makini. La kwanza ni kiapo. Mjane wa Babeli hakupewa tu kwa kulia. Ilimpasa aape, na katika jamii ambayo kila mtu aliamini kwamba mwenye kuapa uongo hupatilizwa, si rahisi mbuzi wawili wageuke watano njiani. La pili ni kwamba mkuu wa mji ametajwa kwa cheo chake, wala hakuachwa afiche uso katika neno "mji". Barua yako, mzee wangu, imeeleza uamuzi wa balozi vizuri sana, lakini haisemi kama na yeye alitoa elfu kumi yake.

Kuhusu polisi, si kwamba watu wa kale hawakuwa na walinzi kabisa. Misri ilikuwa na Wamejai, waliozunguka jangwani na kulinda makaburi ya wafalme, na huko Athens, mji wa Ugiriki, watumwa wa dola waliotoka Scythia, nchi ya kaskazini ya Bahari Nyeusi, wenye pinde mkononi, walisimamia utulivu katika mikutano ya raia. Hata hivyo walinzi hao walikuwa wachache na kazi zao zilikuwa mahususi. Hapakuwa na mtu anayelipwa kwa ajili ya kuja mtaani kwako, kuandika maelezo na kufungua jalada la mbuzi. Hata Roma, ambao ulikuwa mji mkubwa kupita miji yote ya zama zake katika upande ule wa dunia, ulingoja hadi mwaka 6 BK ndipo kaisari Augustus akaunda kikosi cha zamu ya usiku, nacho kazi yake kubwa ilikuwa kuzima moto. Dola lenye macho machache namna hiyo lilikuwa na njia moja nyepesi, nayo ni kuhakikisha kwamba kila mtu ana mtu wa kumjibia. Sisi tuna neno lake zuri: udhamini.

Uingereza ya zama za kati iliukaza udhamini huo hadi ukafanana na wetu kwa idadi. Wanaume wote wa kawaida, kuanzia umri wa miaka 12, waliwekwa katika makundi ya watu kumi kumi, ingawa katika sehemu nyingine kundi lilikuwa kijiji kizima. Mmoja akitenda kosa, wenzake walipaswa kumfikisha mbele ya sheria, na akiwatoroka walitozwa faini. Makasisi na wakubwa hawakuhesabiwa humo, jambo ambalo halitakushangaza. Mwaka 1285 mfalme Edward wa Kwanza akatoa sheria katika mji wa Winchester iliyosema kwamba watu wa wilaya wataulipia unyang'anyi uliofanyika kwao ikiwa hawatawatoa waliohusika. Aliamuru pia milango ya miji yenye kuta ifungwe tangu jua linapotua hadi linapochomoza, na vichaka vifyekwe futi 200 kila upande wa njia kuu zinazokwenda kwenye miji ya masoko, ili majambazi wasipate pa kujificha. Yeyote aliyewahi kutembea usiku njia yenye mkonge pande zote mbili atamwelewa mfalme huyo bila mkalimani.

Lakini udhamini wa namna hii una sura nyingine, na hapa ndipo mjukuu wako anaposimama mahali imara. Katika karne ya 4 KK dola la Qin, huko China, lilikuwa na waziri aliyeitwa Shang Yang, ambaye alizifunga kaya pamoja katika makundi ya tano tano na kumi kumi. Yeye hakutaka majirani wachangiane, alitaka wachongeane. Aliyelijua kosa la jirani akanyamaza aliadhibiwa vikali, na aliyekwenda kusema alituzwa kama askari aliyeleta kichwa cha adui. Mfalme aliyemlinda alipofariki mwaka 338 KK, Shang Yang akashutumiwa uhaini, akakimbia. Mwanahistoria wa Kichina aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye anasimulia kwamba mkimbizi huyo alifika usiku kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na mpaka, akaomba chumba. Mwenye nyumba, asijue anayezungumza naye ni nani, akamkatalia kwa upole: kwa sheria za Bwana Shang, kumlaza mtu asiye na kitambulisho ni kosa, na adhabu yake nitaipata mimi. Inaelezwa kwamba Shang Yang alishusha pumzi, akasikitika kwamba sheria zake zimemfikia mwenyewe. Hakuvuka salama.

Mimi, kwa hiyo, ningewatenganisha Hammurabi na Shang Yang hata kama wote wawili wamewafunga majirani kamba moja. Kwa wa kwanza jirani anaitwa kufidia, na anayefaidika ni aliyeibiwa. Kwa wa pili jirani anaitwa kupeleleza, na anayefaidika ni dola. Elfu kumi yako, mzee, ilikwenda kwa mjane. Siku balozi atakapotaka orodha ya wanaolala kwenu na maneno wanayosema mezani, hapo mjukuu wako asikilizwe.

SWALI: Nikifundisha habari za madola ya kale, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo kengele ndiyo iliyoniokoa kulijibu: ikiwa mfalme ndiye mwenye sheria na ndiye mwenye askari, yeye akiharibu, nani anamrudi? Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha.
Mwalimu wa historia, Bagamoyo

JIBU: Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako aanzie tumboni. Farao wa Misri, kwa imani ya watu wake, ndiye aliyeishika maat, neno ambalo lilibeba kwa pamoja ukweli, haki na mpango mzima wa ulimwengu, na hapakuwa na mahakama ya kumshitaki. Hata hivyo, katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, karibu mwaka 1157 KK, mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina, waliokuwa wakichonga na kupaka rangi makaburi ya wafalme, walicheleweshewa posho. Posho yenyewe haikuwa sarafu, maana sarafu hazikuwapo. Ilikuwa ngano ya mkate na shayiri ya pombe, na mtu asipoipokea hakula. Mwandishi wa kijiji aliyaweka mambo hayo kwenye karatasi ya mafunjo ambayo sasa imehifadhiwa Turin, Italia. Mafundi walilalamika kwamba siku 18 za mwezi zimepita nao wana njaa, wakaacha kazi, wakavipita vizuizi vya walinzi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu. Wakubwa walipowafuata, waliambiwa kwamba njaa na kiu ndizo zilizowaleta, kwamba hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, na kwamba farao aandikiwe barua ajue.

Linalonivutia mimi ni la Mentmose, mkuu wa walinzi wa eneo lile, mtu ambaye kwa kazi yake ndiye angetazamiwa kuwarudisha kwa fimbo. Yeye aliwaambia wakusanye vyombo vyao, wafunge milango, wachukue wake na watoto, naye atawatangulia hadi hekalu la Seti wa Kwanza, wakakae huko. Nafaka ikaanza kutoka, ingawa kwa kusuasua, na migomo ikajirudia. Hakuna aliyempindua Ramesses. Lakini wote, kuanzia fundi hadi mlinzi, walizungumza kana kwamba farao ni mdaiwa, kwa maana ya kuwa utulivu wa mafundi ulikuwa na bei, na bei haijalipwa.

China iliyaweka mambo hayo katika lugha ya mbingu. Nasaba ya Zhou, ilipoing'oa nasaba ya Shang karibu mwaka 1046 KK, ilidai kwamba mbingu humpa mtawala idhini ya kutawala na humnyang'anya akiwa dhalimu, na tangu hapo kila mafuriko na kila njaa vikawa na mtu wa kuulizwa. Mfano ulio wazi kupita yote ni dola lilelile la Qin, ambalo liliiunganisha China mwaka 221 KK kwa mikono ya chuma, likaanguka mwaka 206 KK, yaani baada ya miaka 15 tu. Mwaka 209 KK watu 900 waliokuwa wakipelekwa kulinda mpaka walizuiwa njiani na mvua, na viongozi wao, Chen Sheng na Wu Guang, wakawaambia kwamba adhabu ya kuchelewa ni kifo, na kwamba kwa kuwa watakufa hata hivyo, heri wafe wakiasi. Kuna tashwishi kidogo hapa ambayo darasa lako litaifurahia. Mwaka 1975, huko Shuihudi, katika kaburi la ofisa mdogo wa Qin, vilichimbuliwa vibamba vya mianzi zaidi ya 1,000 vilivyoandikwa sheria na taratibu za kazi yake, na humo adhabu ya kuchelewa kazini kwa dola ni karipio, au faini ya ngao, au ya deraya. Huenda sheria iliongezwa ukali baadaye, au huenda Chen Sheng aliwatia watu hofu kwa makusudi; kwa vyovyote, watu waliamini kwamba dola lao lingeweza kuwaua kwa sababu ya mvua, na imani hiyo ilitosha. Liu Bang, ambaye ndiye aliyekuja kuanzisha nasaba ya Han, alipoingia mji mkuu aliwaahidi wazee sheria tatu tu: anayeua atauawa, na anayejeruhi na anayeiba wataadhibiwa kwa kadiri ya makosa yao. Nyingine zote alisema zimefutwa. Haukupita muda mrefu zikarudi nyingi, kwa sababu dola kubwa haliendeshwi kwa sentensi tatu, lakini siku ile alikuwa amesema neno lililohitajika.

Athens hawakumngoja mtu aharibu. Mara moja kwa mwaka raia waliulizwa kama wanataka kumfukuza mtu, na wakikubali, walikusanyika siku nyingine, kila mmoja akiwa na kigae kilichoandikwa jina. Kura zikifika 6,000, mtajwa aliondoka mjini kwa miaka 10, mali yake ikibaki yake. Utaratibu huo nao ulichezewa: katika kisima kimoja karibu na Akropoli, kilima chenye ngome ya mji huo, vimekutwa vigae kama 190 vyenye jina la mwanasiasa Themistocles, vilivyoandikwa na mikono michache tu. Ni wazi kwamba kura za kugawiwa zikiwa tayari zimejazwa hazikuvumbuliwa jana.

SWALI: Kila historia inapoandikwa tunasikia Babeli, Roma na Misri. Mimi nina banda la chakula karibu na soko la samaki, na wageni huniuliza habari za magofu ya Kaole. Je, miji yetu ya pwani ilijiongozaje?
Mama Lishe wa Dunda, Bagamoyo

JIBU: Dada yetu, wewe mwenye kupokea wageni umeuliza swali lililo karibu na kazi yako kuliko unavyodhani. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipita pwani hii. Alipofika Mogadishu aliona jambo aliloliandika kwa urefu. Meli ilipotia nanga, vijana wa mji waliijia kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara yule hushukia nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni kwa bei, au akifanya naye biashara mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo haikuhesabiwa. Mji huo basi ulimpa kila mgeni mdhamini kabla mguu wake haujagusa mchanga, na wakati huohuo ukajipatia mtu wa kumuuliza ikiwa mgeni atafanya vurugu. Sahani ile ya chakula ilikuwa ukarimu, na ilikuwa pia kazi ya serikali.

Mashauri nayo yalikuwa na mahali pake. Ya sheria ya dini yaliamuliwa na kadhi, na mengine yaliamuliwa na baraza la mawaziri na maamiri. Palipohitajika kauli ya sultani, walimwandikia karatasi, naye akaandika jibu mgongoni mwa karatasi ileile na kuirudisha papo hapo. Wenye majalada yanayozunguka ofisini miezi mitatu watalisoma hilo kwa huzuni.

Kutoka hapo Ibn Battuta aliendelea hadi Kilwa, ambako sultani aliitwa kwa lakabu Abu'l-Mawahib, baba wa zawadi, kwa sababu ya kutoa kwake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha njiani siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, na sultani akaingia nyumba ya karibu, akabadili, akampa. Ndugu yake Daud, aliyerithi baadaye, alikuwa kinyume chake. Waombaji waliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Tusilichukulie hilo kuwa ni sifa ya tabia peke yake. Katika miji isiyo na majeshi makubwa, kutoa hadharani ndiko kulikomfanya mkubwa awe mkubwa. Karne nyingi baadaye, katika miji ya Mrima, kuanzia Tanga hadi kwenu Bagamoyo, palikuwa na majumbe pamoja na mawaziri wao, mashaha na maakida, na mtu hakukipata cheo hicho bila kuwalisha watu karamu na kuwagawia mali wenye vyeo waliomtangulia. Mombasa nayo iliendeshwa na taifa kumi na mbili zilizojipanga katika pande mbili, tisa na tatu, na hakuna aliyeweza kuushika mji bila kuzisikiliza.

Wageni wako wakimaliza kuyatazama makaburi ya Kaole, waambie wakipata nafasi wafike na Tongoni, kilomita kama 17 kusini ya mji wa Tanga. Yapo makaburi zaidi ya 40 karibu na gofu la msikiti, mengine yakiwa na nguzo ndefu za mawe ya matumbawe zenye vishimo vya duara ambavyo zamani vilitiwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Mtu wa cheo hakuachwa achanganyike na wengine hata baada ya kuzikwa, na chombo cha thamani kilichomezwa na chokaa pale juu kiliwaambia waliobaki ni ukoo gani wa kuulizwa jambo la mji.

SWALI: Nimesikia kwamba Babeli fundi aliuawa nyumba aliyojenga ikianguka. Je, ni kweli? Naomba na ushauri: tajiri wangu amekataa kunimalizia malipo kwa sababu ukuta wa jikoni umeinama kidogo.
Fundi muashi, Pangani

JIBU: Ni kweli kwamba imeandikwa hivyo, katika kifungu cha 229 cha sheria zilezile za Hammurabi: nyumba ikianguka na kumuua mwenyewe, aliyeijenga auawe. Cha 230 ni kizito zaidi, kwani akifa mtoto wa mwenye nyumba, huuawa mtoto wa fundi. Lakini mabamba ya udongo yenye kesi za wakati ule yamepatikana kwa maelfu, na ni nadra mno kumkuta hakimu akitegemea jiwe la mfalme katika hukumu yake, hivyo wapo wataalamu wengi wanaoliona kama tangazo la mfalme kuhusu haki yake kuliko kitabu cha mahakama. Kuhusu malipo yako, kifungu cha 228 kilimwekea fundi ujira wake, shekeli 2 za fedha kwa kila sari moja ya nyumba iliyokamilika, eneo linalokaribia mita za mraba 36, kwa hiyo tajiri wako asingeweza kukunyima chote. Ila kifungu cha 233 kinauhusu ukuta wako wa jikoni: fundi ambaye kazi yake haikuwa imara, ukuta ukainama, atauimarisha kwa fedha yake mwenyewe. Uimarishe ukuta kwanza, bwana fundi, kisha uende kudai.